Mchanga Uliofukizwa Udi

Istanbul, 2 Machi 2024

Kidawa,

Namba yako nimeifunga kwenye simu yangu tangu siku niliyosikia kuwa Nabil amekuoa, na sina nia ya kuifungua. Sauti yako sitaki kuisikia na picha yako sitaki kuiona. Lakini kuna jambo la nyumba, na Nabil kila nikimuuliza ananijibu, "Muulize Kidawa, yeye ndiye anayesimamia mafundi." Basi tutaandikiana barua pepe kama watu wa ofisini. Utumie kompyuta ya dukani kwa Bwana Sajjad. Najua ndipo unapouza saruji na nondo, na ndipo ulipompata mume wangu.

Mchanga umefika. Kibali cha kuuingiza huku kimenitesa, maana forodhani udongo wa ugenini hawaupendi. Nimelifungua gunia maabara mbele ya wenzangu, chumba kizima kikanukia udi. Wenzangu wakacheka, wakauliza kama kwetu mchanga unachimbwa msikitini. Mimi sikucheka. Udi ule naujua, ni ule Nabil anaoununua Dar, niliokuwa nikifukizia shuka zangu kabla sijaondoka. Kama ulitaka nijue kuwa sasa unafukiza wewe, nimejua.

Sasa kazi. Nyumba ile ya ufukweni, ambayo nasikia unaichagulia rangi ya vigae, niliichora mimi kabla wewe hujamjua Nabil anaitwa nani. Usione vyaelea, vimeundwa. Nimeisimamisha juu ya nguzo za zege zilizozamishwa ardhini, kwa sababu pale pwani juu ni mchanga mtupu na jiwe la matumbawe liko chini sana. Mimi nilichora nguzo zifike kwenye jiwe. Nilipokwisha kuondoka, fundi akazikomesha njiani, akasema mchanga umeshika vya kutosha.

Huenda umeshika, huenda haukushika. Unakumbuka lile tetemeko la 2020 lililotutoa Kilindoni nzima nje na kanga vifuani. Mchanga ulioshiba maji ukitikiswa vile unaweza kugeuka uji, na nguzo iliyomo ndani ikakosa wa kuishika. Hayo ndiyo masomo yaliyonileta huku. Nitaujaza mchanga wenu kwenye sanduku, nipande nguzo ndogo ndani yake, nilitikise kwa mashine, nione.

Niambie jambo moja tu. Mchanga huu umetoka chini kwenye shimo la nguzo, au umechotwa juu ufukweni? Nijibu kwa neno moja.

Wafaa Tahir


Kilindoni, 5 Machi 2024

Dada Wafaa,

Shikamoo.

Shimoni. Umetaka neno moja, nimekupa. Yanayofuata ni yangu.

Nilisimama mwenyewe pembeni ya shimo, fundi Kombo akachimba mpaka kwenye maji, nikamwambia, "Hapohapo, jaza gunia." Udi si kejeli. Kwetu kisiwani Bwejuu kitu hakiendi kwa mkubwa bila harufu nzuri. Ningeutuma hivihivi ungesema Kidawa hana adabu. Nimeufukiza, unasema Kidawa ana vijembe. Sasa mimi nishike lipi?

Na Nabil sikumvizia nyuma ya saruji. Alikuja dukani kama wateja wengine, posa ikaenda Bwejuu kwa baba yangu mchana kweupe, na wewe uliarifiwa kabla ya ndoa. Ulisema, "Afanye anavyotaka." Mimi nilikuwa ndicho alichokitaka.

Unadhani wivu unao peke yako. Kila fundi akiuliza jambo, Nabil anakunjua ile michoro yako mezani kama msahafu. "Wafaa amesema dirisha likae hapa. Wafaa amesema ngazi igeukie kule." Nyumba naambiwa ni yangu, lakini hakuna mlango nitakaoupita usioamuliwa na wewe. Nilitaka jiko litazame barabarani, nimpigie kelele muuza samaki akipita. Nabil akasema Wafaa amelitazamisha baharini, basi. Nitapika nikitazama ulichotaka wewe nikitazame. Vigae ndicho kitu pekee nilichoachiwa kuchagua, na hivyo navyo umeviona vikubwa.

Nakutakia Ramadhani njema. Nabil anakusalimu, ingawa najua salamu zako anakupa mwenyewe kwa simu, akiwa uani, akidhani simsikii.

Mdogo wako,
Kidawa


Istanbul, 18 Mei 2024

Kidawa,

Nguzo zimepona.

Nitakueleza ilivyokuwa, kwa sababu nyumba utalala wewe. Sanduku tumelifunga juu ya meza inayotikiswa na mashine, tukalijaza mchanga wenu na maji, tukapanda nguzo, na juu yake tukaweka uzito wa nyumba kwa kipimo chake. Kisha kidole changu kikabonyeza. Nitakuambia kweli, mtu akiwa mbali hana cha kuogopa: nilitamani zianguke. Nilisimama na koti langu jeupe, mwanamke msomi, nikaziombea nguzo nilizozichora mwenyewe zilale chali, nije nikuandikie, "Pole, hakuna nyumba."

Mchanga ulilegea. Maji yalipanda juu, nguzo zikayumba, moyo wangu ukaruka. Halafu maji yakatoka upesi, punje zikakaa, mchanga ukazishika tena. Zimeinama kidogo sana, kiasi kinachoruhusiwa. Tumerudia na kurudia, ikawa vilevile. Nilipouchekecha nikaona kwa nini. Mchanga wenu ni msafi, hauna tope kabisa, maji yanapita ndani yake bila kizuizi. Mimi nimekulia Kilindoni na sikujua kuwa pwani yetu ina mchanga mzuri hivyo. Imekuwa njema kwako.

Nabil nimemwambia aendelee kujenga. Mke mwenye mwenzake ana zamu zake, lakini zamu zangu mimi zinaishia maabara, wewe unalala zako na zangu. Sasa utazilala ghorofani. Shikamoo yako niliiona. Siiitikii.

Wafaa Tahir


Kilindoni, 12 Oktoba 2024

Dada Wafaa,

Shikamoo, ingawa huitikii. Shikamoo si yangu, ni ya mama yangu aliyenifunza, siwezi kuiacha kwa sababu ya uso wako.

Tumehamia. Tumesoma maulidi, watu wamekula wakashiba, hata Bwana Sajjad amefunga duka akaja na mkewe Bi Kaneez. Nilitaka nikuandikie kwa wema. Nilishaanza barua nyingine kabisa, nakueleza kwamba jiko lako la kutazama baharini nimelizoea, na kwamba upepo wa pale unaondoa moshi wote, kwa hiyo ulikuwa sahihi. Hiyo barua nimeifuta.

Nimeifuta kwa sababu jirani yako Mwanahalima amekuja kwenye maulidi, amekula pilau yangu, amenawa, ndipo akaniambia uliyomwambia kwenye simu. Kwamba mtoto wa Bwejuu ataijaza nyumba yako harufu ya samaki. Kwamba watu wa visiwani hatujui usafi wa nyumba ya vigae.

Mimi mchafu? Sikiliza nikwambie, Dada Wafaa. Ule mchanga wako ulitoka shimoni mweusi, una tope linalonuka kama mikokoni maji yakitoka. Nabil alisema, "Funga hivyohivyo, ni mchanga tu." Nikamwambia huu hauendi kwa mke mkubwa namna hii, atasema ametumiwa taka. Niliuosha kwa maji ya mvua, nikamwaga lile tope, nikaosha tena mpaka maji yakatoka meupe. Nikauanika kwenye jamvi, kuku nikawafukuza mwenyewe. Nikauchekecha kwa chekeche langu la unga. Ndipo nikaufukiza udi, ukaenda kwako unang'aa kama sukari. Hakuna aliyenituma. Nilisema mwache aone kuwa Nabil hakuoa jalala.

Nawe malipo yako ni hayo. Shukrani ya punda mateke.

Kidawa


Istanbul, 13 Oktoba 2024

Kidawa,

Acha unachofanya, usome hii yote.

Haikunipitia akilini kwamba duniani kuna mtu anayeosha mchanga kabla ya kuutuma. Lile tope ulilolimwaga ndilo nililokuwa nalitafuta. Tope laini likikaa katikati ya punje, maji hayapati pa kutokea. Ardhi ikitikisika, punje zinataka kusogeleana, maji yanabanwa katikati yake, yanazisukuma, na mchanga mzima unakuwa uji. Ule niliotikisa mimi ulikuwa msafi, maji yakatoka upesi, mchanga ukashika tena. Ulio chini ya nyumba yako utabaki uji kwa muda mrefu.

Watu wanadhani nguzo inashikwa kwa chini tu. Inashikwa ubavuni, urefu wake wote. Ubavu ukiachia, inabaki imebeba nyumba peke yake, na zenu hazikufika kwenye jiwe. Tabaka kavu la juu litateleza kuelekea baharini na kuzisukuma, zitapinda pale lile tabaka linapokutana na uji, na nyumba italala upande nanyi mkiwa ndani.

Kosa si lako, wala silikwepi langu. Nilifungua gunia nikanusa udi. Mchanga wa shimoni haunukii udi, Kidawa. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza angejiuliza, huu umepita mikononi mwa nani, na umefanywa nini? Mimi nilinusa nikazifikiria shuka zenu. Hata nilipoona hauna tope sikujiuliza, nilikuwa nimeshughulika kukuonea kijicho kwa pwani nzuri.

Tokeni humo. Inarekebishika: zipo nguzo nyembamba za chuma, zinachimbiwa kupitia sakafu ya chini mpaka kwenye jiwe, kisha zinaunganishwa na zile za zamani. Kazi hiyo itachukua miezi na haifanyiki watu wakiishi ndani. Tetemeko linaweza lisije miaka yote ya uhai wako. Linaweza kuja kesho alfajiri. Sayansi yangu haijui siku.

Nabil nimempigia leo asubuhi. Amecheka. Amesema, "Wafaa, wivu umekuingia mpaka kwenye hesabu." Ndiyo maana nakuandikia wewe.

Wafaa


Kilindoni, 17 Oktoba 2024

Wafaa,

Leo sina shikamoo.

Nyumba ilipokuwa nguzo na upepo, ulisema jengeni. Umengoja nimetundika mapazia, umengoja maulidi yamesomwa na mji mzima umekuja kuniona, ndipo mchanga umeharibika? Na umeharibika lini, siku ya pili tu baada ya mimi kukujibu kwa hasira! Huo mchanga una masikio.

Wewe mwenyewe uliniandikia kwamba ulitamani nguzo zianguke. Barua ninayo, sikuisahau. Mtu aliyeniombea nianguke leo anataka nimwamini akiniambia nitaanguka?

Nimemsomea Nabil. Amesema nisikujibu, utapoa. Kombo naye amesema amejenga Kilindoni maisha yake yote, na hajaona nyumba imelala. Na mimi nakuuliza, magofu ya Kua yamesimama kule Juani tangu enzi za mababu, nani aliyachimbia nguzo za chuma?

Siondoki. Hata ningetaka, siwezi kuhamahama sasa. Sababu ninayo, na si ya kukuandikia wewe. Nilipokuwa dukani nililala chumba cha uani, nikisikia panya kwenye mifuko ya saruji. Hii ndiyo nyumba ya kwanza kufunga mlango nikasema ni wangu. Unayo nyumba yako, umeifunga kwa kufuli, haina mtu. Ukiona mwenzako ana mlango mmoja huwezi kulala.

Kidawa


Istanbul, 26 Oktoba 2024

Kidawa,

Kua imejengwa juu ya jiwe la matumbawe. Hilo ndilo jibu lako. Ukishuka Juani utazame unachokikanyaga.

Sikuombi uniamini. Ningekuwa wewe, mimi nisingeniamini. Mwaka jana lilipopita tetemeko kubwa la huku, chuo kilitupeleka Iskenderun, mji wa bahari. Niliona nyumba imezama ghorofa ya chini na kuinamia ya jirani, na kuta zake hazina ufa. Dirishani pazia lilikuwa limetundikwa vizuri, la maua, mtu alilichagua. Usiku niliposoma kuwa umetundika mapazia nililikumbuka lile. Nakuchukia, sitaki kukuficha, lakini sijawahi kukutakia lile pazia.

Nilipoziombea nguzo zianguke, nilitaka zianguke sandukani. Kama huoni tofauti, basi fanya hivi, uone kwa macho yako, na Nabil na Kombo wawepo.

Mwambie Kombo achimbe shimo dogo ubavuni mwa nyumba mpaka kwenye maji. Chukua ndoo mbili zinazofanana. Moja ijaze mchanga ulivyotoka, na uchafu wake wote. Ya pili ijaze mchanga uliouosha na kuuchekecha kama ulivyouosha ule wangu. Kwenye ndoo zote mbili mchanga uumimine polepole, usiushindilie, utie maji mpaka yaufunike tu. Kisha chomeka mwiko kwenye kila ndoo, mpini chini, kichwa juu. Mwiko ndio nguzo yako na nyumba yako.

Halafu piga ubavu wa ndoo kwa ngumi, usiache. Ukihitaji nguvu, nifikirie mimi.

Ukiona ndoo zote mbili ziko sawa, nitakuandikia barua ya kukuomba radhi, na utaisoma kwa sauti dukani mbele ya Bwana Sajjad.

Wafaa


Kilindoni, 2 Novemba 2024

Dada Wafaa,

Shikamoo.

Sikutaka kufanya. Ndoo zako niliziona uganga. Kisha nikasema, bora nizifanye nimwaibishe, nikafanya Jumapili mchana uani, Nabil amekaa kwenye kiti ananicheka, Kombo amesimama na koleo.

Nilianza na ndoo ya mchanga uliooshwa. Nilipiga, na nilikufikiria wewe, Mungu anisamehe, nikapiga mpaka mkono ukauma. Maji yakapanda juu, mwiko ukatikisika, ukainama kidogo, ukashika. Nikamgeukia Nabil nikamwambia, "Umeona?" Nabil akapiga makofi.

Nikahamia ya pili. Nilipiga kidogo tu. Mchanga ukawa kama uji wa muhogo, unang'aa juu, mwiko ukaanza kuinama. Sikuamini, nikaacha kupiga. Mwiko uliendelea kuinama, Dada Wafaa. Nilikuwa nimeacha kupiga kabisa na bado ulikuwa unaenda, polepole, ukalala. Kombo akausimamisha, akapiga mwenyewe, ukalala. Nabil akainuka kitini akapiga yeye, ukalala. Kombo akavua kofia, akasema mchanga aliouona ukishika ni ule wa juu mkavu, wa chini hakuujaribu.

Nabil amekubali zichimbiwe nguzo za chuma. Umtumie Kombo michoro, ataifuata, ameapa.

Sasa nipo kwenye nyumba ambayo sipati usingizi. Lori la Bwana Sajjad likipita barabarani nakaa kitandani nimeshika ukuta. Nabil ameshika safari zake za kuuza nazi, leo yuko Nyamisati, kesho Dar, anasema nikakae Bwejuu kwetu mpaka kazi iishe. Nami Bwejuu siwezi. Mficha uchi hazai, na mimi nimekuficha mpaka hapa: nina mimba, na tumbo limeshaonekana. Ndiyo sababu niliyokataa kukuandikia. Nilijua ukisikia utaumia, na kuna siku nilitaka uumie, lakini kila nilipoanza kuliandika neno lile nilishindwa. Damu yangu imepungua na daktari amenikataza kuvuka maji wala kukaa mbali na hospitali. Vyumba vya kupanga karibu na hospitali vimejaa, Bi Kaneez ameniulizia kote. Nikirudi chumba cha uani cha dukani, vumbi la saruji litaniua.

Sikuombi kitu. Nimekueleza kwa sababu ulinieleza la pazia.

Mdogo wako,
Kidawa


Istanbul, 4 Novemba 2024

Mke mwenzangu,

Nimeisoma barua yako nikatoka nje bila koti. Nilitembea mpaka vidole vikafa ganzi. Sitakudanganya kuwa nilikufurahia. Nimekaa na Nabil miaka tisa, nikanywa kila dawa, ya hospitali na ya miti, na tumbo langu liko vilevile. Wewe hujamaliza mwaka. Nilipofika bandarini nilikuwa nimeshakukatalia kila kitu, hata ambacho hukuomba.

Kisha nikauona ule mwiko unaendelea kulala na hakuna anayepiga.

Mwanahalima ana ufunguo wa nyumba yangu. Nimempigia, ameng'aka, nimemwambia akupe, na akikuletea maneno mengine yangu umrudishie mwenyewe. Nyumba aliniachia baba, imekaa juu ya udongo mwekundu mgumu, hospitali unafika kwa miguu. Ihame nyumba ile leo, usingoje Nabil.

Chumba cha wageni paa linavuja. Utalala chumbani kwangu, humo ndimo mna feni na choo cha ndani, na kwa hali yako hutakuwa ukitoka uani usiku. Kitanda ni cha mama yangu. Upande wa dirishani ni wangu. Usiulalie, hata mtoto akikupiga teke ukageuka. Lala upande wa mlangoni. Kabati la kushoto usilifungue. Cherehani unaweza kuitumia, lakini usinibadilishie uzi. Chetezo kiko chini ya meza, na udi niliouacha umebaki, fukiza nguo za mtoto ukipenda. Samaki pika unavyotaka, yale maneno nilisema mimi na nimeyala.

Nabil akija, sitaki kuambiwa. Hilo tu nakuomba: usiniandikie kuwa amekuja.

Michoro ya nguzo nimeambatanisha. Kombo azifikishe kwenye jiwe, asitoe koleo mpaka asikie jiwe linamjibu.

Shikamoo zako zote nimezihesabu. Marahaba.

Wafaa


Kilindoni, 16 Novemba 2024

Dada Wafaa,

Shikamoo.

Nimehamia. Kombo amechimba, na nguzo ya kwanza imefika kwenye jiwe. Nilikwenda mwenyewe, nikasimama mbali, nikasikia mlio umebadilika.

Kabati la kushoto sijalifungua. La kulia nimelifungua kwa sababu hukulikataza, nikaona kanga zako zimepangwa, nikaona wivu, nikalifunga. Upande wa dirishani nimeutandika shuka yake peke yake, nikaweka mto. Nikigeuka usiku nagusa ule mto, narudi.

Uliniomba nisikuandikie kuwa Nabil amekuja, lakini hili nalivunja, utanisamehe. Alikuja jana baada ya Ijumaa, amebeba maembe, akaelekea chumbani na viatu mkononi kama mtu aliyefika kwake. Nikamzuia mlangoni. Akaniuliza, "Kulikoni, Kidawa, zamu si yako?"

Nikamwambia, "Kule ufukweni zamu ilikuwa yangu. Humu ndani ni zamu ya Wafaa, na Wafaa hayupo."

Amelala sebuleni. Kochi lako fupi, miguu imetokeza nje.

Mke mwenzako,
Kidawa